Tippu Tip: nyumba ya Shangani iliyojengwa kwa mabega ya Unyamwezi

Katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ipo nyumba ya ghorofa ambayo wageni husimama nje kuipiga picha. Wanachopiga hasa ni mlango. Ni mlango mzito wa mbao, umechongwa nakshi kuanzia miimo hadi juu, na mbele yake kuna ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Mwenye nyumba alikuwa Hamed bin Muhammad bin Juma el Murjebi. Jina hilo wachache wanalijua. Jina la Tippu Tip wanalijua wengi, kuanzia Tabora hadi Kisangani.

Kila nchi matajiri wake hutafuta mahali pa kuonyeshea mali. Italia, matajiri wa zamani walijenga majumba makubwa mashambani na kuwaita wachoraji wapake picha ukutani na darini wakati plasta ingali mbichi, ili rangi ishikane na ukuta. Majumba ya namna hiyo hadi leo hutangazwa kuuzwa kwa wenye fedha nyingi. Pwani yetu ukuta uliachwa mweupe wa chokaa, na mali ikawekwa mlangoni. Mpita njia alitazama mlango akajua huyu ni nani.

Lakini msikilizaji wa Igalula, wa Kigwa, wa Goweko au wa Tura ana sababu ya kuijua nyumba hii kuliko mtalii anayeshuka kwenye boti. Mali iliyoijenga ilipita huku. Ilipita kwa miguu, mabegani mwa watu, miaka mingi kabla ya reli.

Mtoto wa mfanyabiashara wa Unyanyembe

Hamed alizaliwa Unguja miaka ya 1830. Mwaka wenyewe wanahistoria hawakubaliani, ila wengi hutaja 1837 au karibu na hapo. Mama yake alitoka katika familia ya Waarabu wa Maskati. Upande wa baba alikuwa Mwarabu mwenye damu ya Kiafrika kutoka pwani ya Mrima, na picha zake zinaonyesha mtu mweusi, mpana wa mabega, mwenye ndevu nyeupe na macho makali.

Baba yake, Muhammad bin Juma, hakuwa mtu wa kukaa Unguja. Maisha yake yalikuwa Unyanyembe, na makazi yake yalikuwa Ituru, karibu na Tabora. Huko alioa mke wa pili au wa tatu kwa hesabu za wakati ule, na huyu ndiye aliyebadilisha mambo: Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe.

Ndoa hiyo tusiipite haraka. Katika utemi, pembe za ndovu zilikuwa na haki ya mtemi ndani yake, na mgeni anayepita alidaiwa hongo. Mfanyabiashara aliyekuwa mkwe wa mtemi hakuwa tena mgeni. Alipewa heshima ya mtu wa ikulu, na milango ambayo wenzake waliilipia yeye aliikuta wazi. Hamed alikua akijua kwamba bara hapashindwi kwa bunduki peke yake. Undugu nao ni mali, na baadaye alikuja kuutumia kwa namna ambayo hata baba yake hakuifikiria.

Fundikira alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, utemi ulimwendea Mnywa Sele. Huyu alitaka wafanyabiashara wa pwani walipe kodi kwa mali wanazoingiza, jambo ambalo mtawala yeyote wa leo angeliona la kawaida. Wafanyabiashara walikataa, vita ikazuka, na wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele alifukuzwa Unyanyembe lakini aliendelea kupigana kwa miaka, na njia ya misafara upande wa mashariki haikuwa salama. Vijiji vilivyokuwa vikiuza chakula kwa misafara viliona ghala zikikauka.

Hamed alianza safari ndogo ndogo za biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, pamoja na ndugu zake. Alipofika kama miaka 18, baba alimchukua safari ya bara. Njiani aliugua ndui, akapona. Walipokwenda mbele zaidi, baba alitaka mali iwekwe chini ya mtu mwingine na kijana afuate tu. Hamed akakataa. Kama haaminiki kushika mali, alisema ni afadhali arudi. Baba akakubali, na kijana akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua akiwa mkuu wa mali yake mwenyewe. Huko wenzake walishindana kununua pembe kubwa. Yeye alinunua ndogo, ambazo hazikuwa na wagombanizi, na soko la Unguja likampa faida.

Pembe, vitambaa na deni

Watu wengi hudhani matajiri wale walikuwa na fedha mkononi. Ukweli ni kwamba misafara ilitembea kwa deni. Mfanyabiashara alikopa vitambaa, shanga na waya wa shaba kwa wenye mitaji wa Unguja, wengi wao Wahindi, akaahidi kulipa kwa pembe atakaporudi. Vitambaa vilivyopendwa sana vilitoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana babu zetu waliviita merikani. Pembe nazo zilikwenda Ulaya, India na Marekani, zikawa vitana, mipira ya kuchezea biliadi na vibao vyeupe vya piano. Katika jimbo la Connecticut kuna mji uliopata jina la Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa sababu ya viwanda hivyo.

Mkopeshaji mkubwa wa Tippu Tip alikuwa Taria Topan, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia. Naye ameacha jengo: ile hospitali ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, inayotazama bandari ya Unguja. Ujenzi ulianza 1887 na yeye akafa 1891 kabla haujakamilika. Ukizitazama nyumba hizi mbili, ya mkopaji na ya mkopeshaji, utaona zimelishwa na njia moja.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikaingia Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo Kaze na Tabora. Msafara wenye mizigo ulitumia miezi mitatu, mara nyingine zaidi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni kilo 16 hivi, kwa hiyo weka kilo 32 begani, ongeza kitanda cha kulalia, chungu na chakula chake mwenyewe, kisha tembea toka Tabora hadi baharini.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo vitabu vya shule wakati mwingine huyachanganya. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliokwenda kwa ujira wa vitambaa, walikuwa na viongozi wao, waligoma wakidhulumiwa, na wengi walipanga safari zao kufuatana na majira ya kilimo ili warudi kulima. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka misafara yao wenyewe pwani kabla Waarabu hawajajenga Tabora. Kwa kijana wa Unyamwezi kufika baharini kulikuwa ni kujithibitisha kuwa mwanamume. Na wanawake nao walitembea katika misafara, wakibeba vyombo na kupika.

Watumwa walikuwa kundi jingine. Walitekwa katika vita, wengi magharibi ya Ziwa Tanganyika, na baadhi walilazimishwa kubeba pembe kabla ya wao wenyewe kuuzwa. Wengine hawakufika pwani kabisa. Walibaki Ujiji na Tabora kwenye mashamba na nyumba za matajiri, na familia nyingi za Wamanyema katika miji hiyo leo zina asili ya watu waliokuja kwa njia hii, ingawa si wote walikuja kwa minyororo.

Jina lililotokana na bunduki

Mwaka 1867 Hamed aliingia nchi ya Itahwa, kusini magharibi mwa Ziwa Tanganyika, kwa Mtemi Nsama, aliyesifika kwamba hapigiki. Mapigano yalizuka. Hamed alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zilishinda pinde, na ngome ya Nsama ikatekwa. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe baadaye, alipata frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba.

Tuzihesabu pembe peke yake. Frasila 1,950 ni zaidi ya tani 31. Kwa mzigo wa frasila mbili kwa mtu, wanahitajika wabebaji karibu 1,000. Hao ni watu, si malori, na kila mmoja alitakiwa kula kila siku katika vijiji vilivyoko njiani. Ndovu waliokufa kwa ajili ya shehena hiyo tuwaache kando.

Huko ndiko lilikotoka jina. Yeye alisimulia kwamba wenyeji walimwita Tippu Tip kwa mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa kama ya ndege fulani. Mwezi Julai mwaka huohuo David Livingstone alikutana naye, akapewa vyakula na vitambaa. Livingstone alichukia biashara ya watumwa kwa moyo wote na aliandika dhidi yake, lakini alikula kwa mfanyabiashara huyu, kwa kuwa huko ndani hapakuwa na mwingine wa kumsaidia.

Safari iliyofuata ilimchukua miaka 12, kuanzia karibu 1870. Alipita Ugalla, akapigana huko, akavuka ziwa na kuingia Manyema hadi nchi ya Watetela. Hapo ndipo lile somo la Ituru lilipozaa matunda. Alisikia kwamba mtawala mzee, Kasongo Rushie, alikuwa na dada waliotekwa zamani na kupelekwa mbali. Tippu Tip akadai kwamba mmoja wao ndiye bibi yake. Mzee akaamini, au aliona ni busara kuamini, akamkabidhi utawala. Bila kupiga risasi nyingi akawa mtawala wa nchi yenye pembe tele, na kutoka hapo akajenga dola yake akiwa na makao Kasongo, mashariki ya Kongo ya leo.

Mwaka 1876 alikuja Henry Morton Stanley, akitaka kuufuata mto Lualaba ajue unaishia wapi. Walipatana kwa dola 5,000 ili Tippu Tip amsindikize vituo 60 msituni. Walitembea pamoja hadi Desemba, wakaachana, na Stanley akateremka na mto mpaka Bahari ya Atlantiki. Tippu Tip alilalamika maisha yake yote kwamba hakulipwa kama walivyopatana.

Aliporudi Tabora karibu 1881, nchi ilikuwa chini ya kivuli cha Mirambo wa Urambo, aliyekuwa amepigana na Waarabu wa Unyanyembe tangu 1871. Wengi wa Tabora walitaka aendelee kuchukiwa. Mirambo alituma wajumbe wa amani kwa Tippu Tip, na Tippu Tip akamtuma mwanawe Sefu kwenda Urambo, akapokewa kwa heshima. Wafanyabiashara wenzake hawakufurahi. Yeye alikuwa na shehena kubwa ya pembe ya kupitisha, na mtu mwenye shehena hupenda amani.

Mzee wa Shangani

Yaliyofuata yamesimuliwa sana na Wazungu, nasi tutayapitia upesi. Mwaka 1887 Stanley alirudi Unguja, akampakia melini wakazunguka Afrika Kusini hadi mdomo wa Mto Kongo. Tippu Tip akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Sehemu ya msafara wa Stanley iliyoachwa nyuma iliangamia kwa njaa, maradhi na ukatili wa maofisa wake wenyewe. Stanley akamtupia lawama Tippu Tip na kumfungulia kesi ya pauni 10,000. Kesi haikufika popote.

Julai 1891 aliingia Unguja kwa mara ya mwisho, na hakurudi tena bara. Mwaka uliofuata vita ilizuka Kongo kati ya dola ya Leopold na watu wake. Sefu aliuawa 1893. Kasongo ilitekwa. Mwaka huohuo, mwezi Januari, Wajerumani waliishambulia ngome ya Mtemi Isike hapa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti pamoja na watu wake ili asikamatwe. Katika miaka miwili hivi, ulimwengu mzima uliomtajirisha Tippu Tip ulikuwa umekwisha.

Mali yake haikwisha. Kufikia 1895 inatajwa kuwa alikuwa na mashamba saba Unguja na watumwa 10,000. Mwaka 1897 sheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar chini ya Waingereza, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Aliyefanya kazi bila ujira alipewa uhuru tu, tena kwa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba.

Katika nyumba ya Shangani, mzee huyu alifanya jambo moja ambalo sisi tunaotumia Kiswahili tunalifaidi mpaka leo. Kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kitabu hicho kilichapishwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900, na huhesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya mtu kujisimulia maisha kwa lugha yetu. Ukikisoma utashangaa hesabu zilivyojaa: frasila, bunduki, siku za safari, majina ya watemi na ya wakopeshaji. Wapagazi wamo kwa idadi. Majina yao ni nadra kuyakuta.

Alifariki Juni 1905, kwa malaria, nyumbani kwake.

Nyumba zilizobaki

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya matajiri Mji Mkongwe yalichukuliwa na serikali na kugawiwa familia za watu wa kawaida. Nyumba ya Tippu Tip ikawa makazi ya familia mbalimbali, kila moja na vyumba vyake. Si makumbusho. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo, hata kabla yake, nyumba nyingi za jirani zimegeuzwa hoteli ambamo usiku mmoja hulipiwa fedha ambayo mkulima wa tumbaku wa Uyui angeifikiria mara mbili. Nyumba za zamani zina gharama: chokaa hubanduka, mbao za dari huoza kwa unyevu, na mpangaji wa kawaida hawezi kuzitengeneza. Mwenye fedha huweza, lakini akishatengeneza, mlango huwa wa wageni wake. Sioni jibu jepesi hapo.

Waongozaji wa watalii husimulia kwamba nakshi ya mnyororo kwenye milango ya Mji Mkongwe ni alama ya biashara ya watumwa. Wengine husema ni alama ya ulinzi wa nyumba tu. Kwa nyumba hii ya Shangani hakuna haja ya kuitafuta nakshi ili kujua mwenyewe alifanya biashara gani, maana aliiandika.

Upande wetu wa bara hali ni nyingine. Tembe za matajiri wa Unyanyembe zilijengwa kwa udongo, kuta nene na paa la bapa, na udongo usipofanyiwa kazi hurudi ardhini. Pale Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ipo tembe ambayo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Ilijengwa upya katika karne iliyopita na sasa ni makumbusho madogo, nayo ina mlango wa nakshi za pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Kwihara katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO kama njia moja ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Kati ya Kilimatinde na Kwihara orodha haina kituo. Katika nafasi hiyo ndimo mlimo Tura, Rubuga na Kigwa, mahali ambapo misafara ilitua mizigo, ikanunua mtama na kuchota maji. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilipita ukanda huohuo, na mizigo ikashuka mabegani. Wazee wanaokumbuka walichosimuliwa na babu zao kuhusu vituo vile, miti ya maembe iliyopandwa kando ya njia na visima vya misafara, bado wapo katika vijiji hivi, na habari hizo nyingi hazijaandikwa na mtu yeyote.